Kipimo cha Kusoma Hisia Machoni: Kinatufaa Waganda?

Karibuni tena, watazamaji wangu wa Kampala, Jinja, Arua na popote mlipo. Leo tunachambua kipimo cha bure cha mtandaoni: unaoneshwa macho ya mtu, unasema anahisi nini. Kilitungwa na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1997, kikaboreshwa mwaka 2001. Nimejaribu toleo hilo lililoboreshwa.

Tazameni kwenye skrini. Picha ni 36, nyeusi na nyeupe, zimekatwa yakabaki macho tu. Kila picha ina maneno manne, unachagua moja. Watu wazima kwa kawaida hupata kama 26, kwa hiyo ukikosa kumi usihuzunike.

Ninachokipenda ni kwamba hakiishii kwenye furaha na hasira. Kinakutaka utofautishe mwenye shaka na mwenye tahadhari. Hapo lazima utulie, uangalie nyusi, kope, na mboni zimeelekea wapi. Tena kina uzito: mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walionesha katika jarida la Science kwamba vikundi vya watu waliofanya vizuri kwenye kipimo hiki vilielekea kufaulu zaidi kazi za pamoja, na akili za mtu mmoja mmoja hazikuwa na uzito huo. Ninyi wa SACCO na vikundi vya akiba, mnaochagua viongozi kila mwaka, lisikilizeni hilo.

Sasa tatizo, na linaniuma. Sura zote ni za Wazungu, zimetolewa kwenye majarida. Utafiti uliowahusisha Wajapani na Wamarekani ulionesha kuwa kila upande ulisoma vizuri zaidi macho ya watu wake. Basi fikirieni kwetu. Msichana wa Buganda akipiga magoti kuwaamkia wazee, huinamisha macho. Ni heshima ile, ni malezi mema. Aliyezoea picha hizi anaweza kusema ana aibu, au anaficha jambo! Na muuzaji wa soko la Owino, Kampala, hamsomi mteja kwa macho tu. Anasikiliza sauti, anaona mkono unavyorudi kwenye shati lililokwisha kukataliwa, anaona hatua zinavyopungua mteja akijifanya anaondoka.

Maneno ya kuchagua nayo ni Kiingereza kizito. Faharasa ya maana za maneno hayo ipo; isomeni kwanza, la sivyo mtapimwa msamiati.

Uamuzi wangu? Kifanyeni, kitawafunza kuutazama uso wa mtu kwa subira. Ila waajiri, nawasihi, msikitumie kuwachuja vijana wanaotafuta kazi. Nanyi wazazi, kilitungwa kwa ajili ya utafiti wa usonji (autism) kwa watu wazima; alama zake haziwezi kuwaambia kama mtoto ana usonji. Mpelekeni kwa daktari.

Siku hizi kuna toleo lingine lenye sura za watu wa rangi mbalimbali. Mkilipata, anzeni na hilo, kisha mniandikie hapo chini ni macho yapi yaliwashinda.