Uzoefu wangu na lsof na ss: seva ya faili inapoishiwa soketi

Lsof ni amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa; ss huorodhesha soketi, yaani ncha za miunganisho ya mtandao. Nimezitumia zote mbili miaka kadhaa kwenye seva za FTP (za kuhamisha faili) za Linux. Ningeambiwa nibaki na moja, ningebaki na ss.

Dalili huwa ileile: logi zinajaa "Too many open files", waliokwisha kuingia wanaendelea kupakua kama kawaida, wapya wanakataliwa. Wengi hukimbilia kuongeza kikomo cha vishikio, yaani namba ambazo mfumo huipa prosesi kwa kila faili au soketi iliyofunguliwa. Hesabu kwanza. Kila uhamishaji wa FTP unashika vitu vitatu: soketi ya amri, soketi ya data na faili yenyewe. Prosesi moja yenye kikomo cha 1024 hujaa ikifika wateja 340 hivi. Ukiwa na wateja 40 na bado imejaa, kuna mahali panavuja, na kikomo kikubwa kitakununulia siku chache tu.

Idadi halisi ya vishikio usiichukue kwa lsof. Ukiunganisha na wc -l, inayohesabu mistari, inakuhesabia hata mistari ya cwd (saraka ya kazi), txt (msimbo wa programu) na mem (faili zilizopachikwa kwenye kumbukumbu), ambayo haili kikomo hicho. Tumia ls /proc/PID/fd | wc -l, ambapo PID ni namba ya prosesi. Na lsof yenyewe uipe -nP, la sivyo itakaa ikiuliza majina kwa DNS huku seva inazama. Inapong'ara ni kukuonyesha ni faili gani zimeshikwa. Lsof +L1 hufichua zilizokwisha kufutwa lakini bado zinakalia diski.

Kwa soketi, ss -tanp state close-wait. Hali hiyo maana yake mteja amekata, programu yako haijafunga upande wake. Keneli, kiini cha Linux, haitaifunga kwa niaba yake, hata ungoje wiki. Tazama safu ya Recv-Q, foleni ya vilivyofika lakini havijasomwa: ikiwa 1, programu haijasoma hata taarifa kwamba mwenzake ameondoka, kwa hiyo huenda uzi wake (thread) umekwama. Ikiwa 0, imesoma ikasahau kufunga, na hiyo ni hitilafu ya msimbo. TIME-WAIT, hali ya muunganisho uliokwisha kufungwa, usihangaike nayo. Hudumu sekunde 60 na haishiki kishikio chochote.

Zipo pia ESTAB, soketi zinazoonekana bado zimeunganishwa, za wateja waliopotea hewani. Keepalive ya Linux, inayopima kama upande wa pili bado upo, tena ikiwa programu imeiwasha, husubiri sekunde 7200, kisha hujaribu mara 9 kila sekunde 75: zaidi ya saa mbili. Weka taimauti ya dakika chache ndani ya seva yenyewe.

Ukishathibitisha kwamba ni wingi wa wateja kweli, ndipo uongeze. Kuhariri limits.conf ni kujisumbua bure kwa huduma inayoanzishwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux), kwa sababu faili hilo husomwa na PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, mtu anapoingia. Andika LimitNOFILE=65536 kwenye sehemu ya [Service] ya faili la systemd la huduma hiyo, endesha systemctl daemon-reload, washa huduma upya, kisha hakikisha kwa cat /proc/PID/limits. Kama huwezi kuizima sasa hivi, prlimit --pid PID --nofile=65536:65536 hubadilisha ikiwa inaendelea kufanya kazi. Ila programu ya zamani inayotegemea select(), njia ya kusubiri soketi nyingi kwa pamoja, haiwezi kushughulikia kishikio chenye namba zaidi ya 1023; hiyo ukiiongezea kikomo inaweza kuharibu kumbukumbu na kuanguka vibaya kuliko mwanzo.