Kiwewe baada ya kuzama: kusimulia au kufuatisha macho?

Tuseme mvuvi wa Shela, Lamu, chombo kimepinduka kwenye mkondo wa bahari wa Mlango wa Mkanda, mwenzake akapotea. Miezi mitatu imepita. Akisikia harufu ya petroli ya mashine mikono yamtetemeka, na usiku halali. Si woga huo. Mamake ashamwandikia kombe, aya za Kurani zinazoandikwa sahanini zikaoshwa na kunywewa, sawa, kombe halimzuii mtu kwenda kwa mtaalamu. Hicho ni kiwewe, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza tiba mbili.

Ya kwanza ni mazungumzo yanayolenga kiwewe. Anasimulia ile siku tena na tena mpaka ipoe. Kisha ana kazi ya kufanya mwenyewe: leo akae gatini tu, wiki ijayo aguse mashua, baadaye apande ikiwa imefungwa. Pia wanalichambua lile wazo linalomla: "ningemshika mkono angepona". Ni ngumu, na siku za mwanzo ndoto huweza kuzidi.

Ya pili, EMDR, ndiyo ya kufuatisha macho, ilianzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987. Hapa hasimulii kirefu: anaishika picha moja kichwani huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu, kushoto, kulia, kushoto. Kazi ya nyumbani hakuna. Wataalamu bado wanabishana kama ni macho yenyewe yanayosaidia.

Kwa mtu msiri, na Waamu, wenyeji wa Lamu, ni watu wa sitara, ya pili ingemfaa zaidi. Ila inataka aliyeisomea hasa. Mimi nisingengoja, ningeulizia ya kwanza hospitali ya kaunti kesho asubuhi.