Mkebe wa hesabu wa bei poa: kagua kipimapembe kwanza

Shule zikifunguliwa Januari, mikebe hii ya bati hupangwa mbele kwenye maduka ya vifaa vya shule, iwe mitaa ya Soko Kuu Arusha au jirani na stendi ya Moshi. Vilivyomo karibu ni vilevile: rula ya sentimita 15, kipimapembe cha nusu duara, pembetatu mbili za plastiki, bikari, divaida, kipande cha penseli, ufutio na kichongeo. Bati lenyewe halina neno. Kwa mwanafunzi anayeanza somo la pembe, shida iko kwenye kipimapembe.

Kiinue kwenye mwanga. Kiwe angavu kiasi cha mistari ya daftari kuonekana vizuri chini yake. Pitisha kucha juu ya namba. Zilizochapwa juujuu hufutika kabla muhula haujaisha. Kisha tazama pale mstari wa sifuri unapokutana na ule wa 90. Panatakiwa kitundu kidogo au msalaba mwembamba. Tundu likiwa pana, kona ya pembe haina pa kutulia, na hilo si jambo dogo: kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 5, kwa hiyo nyuzi 1 haifiki hata milimita 1. Kona ikihama milimita 2, kosa laweza kuzidi nyuzi 2. Penseli butu nayo inakula nusu nyuzi bila mtu kujua.

Kasoro inayowaponza wengi ni ukingo wa chini. Kwenye vipimapembe vingi mstari wa sifuri haupo ukingoni, uko juu yake kidogo, pengine nusu sentimita. Mtoto akilaza ukingo wa plastiki kwenye mkono wa pembe badala ya mstari wa sifuri, pembe ya nyuzi 30 itasomeka kama 25, na ya 150 itasomeka kama 155. Lakini ya 90 itasomeka 90 barabara! Ndiyo maana mzazi anayejaribu kwa pembe mraba peke yake haoni tatizo, na mtoto anaendelea kukosa pembe kali na butu huku akiambiwa hajui hesabu.

Halafu kuna safu mbili za namba, ya nje na ya ndani, ambazo mikebe ya bei ya chini huzichapa kwa rangi moja. Hapo 50 hugeuka 130. Mtoto aitaje aina ya pembe kabla hajagusa kipimapembe: kali iko chini ya 90, mraba ni 90 kamili, butu inazidi 90 bila kufika 180, nyoofu ni 180. Akishasema "kali", 130 ataikataa mwenyewe. Kisha asome safu inayoanza na 0 kwenye mkono aliolaza. Mikono ikiwa mifupi airefushe kwa rula mpaka ivuke ukingo. Pembe inayozidi 180 haipimiki moja kwa moja kwa nusu duara. Apime upande wa pili, atoe kwenye 360. Akipata 110, jibu ni 250.

Pembetatu mbili za mkebeni zinafaa kukikagua kipimapembe palepale kaunta. Moja ina kona za 90, 45 na 45, nyingine 90, 60 na 30. Chora kona hizo kwenye karatasi kwa penseli iliyochongwa, refusha mikono, upime. Kikikosea zaidi ya nyuzi 1, rudisha mkebe. Ila pembetatu nazo zikaguliwe: iegemeze kwenye rula, chora mstari wa wima, igeuze pembetatu upande wa pili kwenye rula ileile, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, kona yake ya mraba si mraba.

Kwa mazoezi ya nyumbani, uso wa saa unatosha, maana namba zake zimepishana nyuzi 30. Saa saba kamili mishale inafanya pembe kali ya 30, saa tisa pembe mraba, saa kumi butu ya 120, saa kumi na mbili nyoofu. Mtoto achore, apime, alinganishe.

Bikari ya mkebe hulegea kwenye kiungo. Kaza skrubu yake kabla ya kuchora. Kama kipimapembe ndicho kibovu, nunua kingine cha rejareja, kiangavu, chenye rangi mbili za namba, na mkebe uliobaki utumike kama ulivyo.