Stockfish ndani ya simu: mashine ya kuwashinda magrandmasta, na namna tunavyoitumia Mtwara mjini

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Kama unacheza chesi na una simu ya Android, hata ile ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, weka DroidFish leo, programu ya kuchezea na kuchambua chesi. Ni ya bure, haina matangazo, na ndani yake imo Stockfish, programu ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Ukishaipakua haidai bando tena. Kwa sisi wa Mtwara hilo la bando peke yake lingetosha, lakini nina mengine ya kusema, hasa kwa sababu naona wengi wanaitumia vibaya.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo jirani na soko kuu, na mbele yake kuna benchi ambalo jioni linajaa wacheza chesi: wanafunzi wa sekondari, madereva wa bodaboda, karani mmoja wa ghala la korosho, na mara mojamoja baharia ambaye meli yake iko bandarini. Ng'ambo ya njia wapo wazee wa bao. Simu karibu zote za hawa vijana zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo najua zina uwezo gani na zinachemka wapi.

Ili ujue umeshika nini, inabidi urudi nyuma kidogo. Mwaka 1985 pale Hamburg, mchezaji mahiri Garry Kasparov alicheza na kompyuta 32 kwa wakati mmoja, akizunguka meza moja hadi nyingine, na akazishinda zote 32. Miaka mitatu baadaye, 1988, mashine iliyoitwa Deep Thought ikamfunga Bent Larsen wa Denmark kwenye mashindano ya Long Beach, Marekani, na hapo grandmasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha chesi, akawa amefungwa na kompyuta kwa kanuni za kawaida za mashindano. Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, akaipa hiyo Deep Thought kipigo cha 2 kwa 0 mwaka 1989. Februari 1996 huko Philadelphia akakutana na mrithi wa mashine hiyo, Deep Blue ya kampuni ya IBM. Akapoteza mchezo wa kwanza, halafu akatulia, akashinda mechi nzima 4 kwa 2. Mei 1997, New York, wakarudiana. Safari hii Deep Blue ikashinda pointi 3.5 kwa 2.5.

Mashine ile ilikuwa na uzito wa tani 1.4, makabati mawili marefu yenye chipu 480 zilizotengenezwa kwa kazi ya chesi tu, na ilipekua mipangilio milioni 200 ya kete kwa sekunde. Mimi niliyezoea kubadilisha chaji na kioo nikisoma hayo naduwaa.

Sasa sikiliza hili la 2009, maana ndilo linalonihusu mimi fundi. Kwenye mashindano ya Copa Mercosur mjini Buenos Aires, programu ya Pocket Fritz 4 ilicheza ikiwa ndani ya simu ya HTC Touch HD. Simu ya mkononi, ya kuweka mfukoni. Ilishinda michezo 9 na kutoa sare mmoja, pointi 9.5 kati ya 10. Simu ile ilikuwa ikipekua mipangilio chini ya 20,000 kwa sekunde, yaani mara elfu kumi pungufu ya Deep Blue, lakini ilijua zaidi nini cha kupekua na nini cha kuacha. Nguvu ya mashine haikai kwenye uzito wa chuma wala wingi wa hesabu peke yake, na ndiyo maana leo simu ya kawaida kabisa inatosha.

Stockfish yenyewe ilianza 2008. Tord Romstad wa Norwei alikuwa ameandika programu iitwayo Glaurung, Marco Costalba wa Italia akaichukua na kuiendeleza, na Joona Kiiski wa Finland akaungana nao. Iko wazi, yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa na kupendekeza badiliko. Tangu 2013 kila badiliko linajaribiwa kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta ambazo watu wa kujitolea wanaziazima kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2020, toleo la 12 liliongezewa mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, wa kupima nani yuko juu kwenye ubao, mbinu iliyotoka kwa Wajapani wa shogi, chesi ya kwao, na nguvu yake ikapanda ghafla. Naheshimu sana kazi ya namna hii. Watu wamekesha miaka mingi, na matunda yake yanamfikia mtoto wa Chikongola bila kulipa shilingi.

Nimeijaribu kwenye simu za kila aina zinazoingia kibandani. Kwenye Tecno au itel ya kawaida inafunguka bila kusuasua. Ubao ni safi, kete zinaonekana vizuri hata juani, na unaweza kuweka mpangilio wowote unaotaka, mchezo uliochezwa jana au fumbo la kwenye karatasi. Chini ya ubao panaonekana inachofikiria: imefika hatua ya ngapi mbele, inapekua mipangilio mingapi kwa sekunde, na namba ya kukuambia nani yuko juu. Ukiiweka ihesabu kwa upande wa weupe, namba yenye alama ya kujumlisha ni ya weupe, ya kutoa ni ya weusi. Zamani +1 ilimaanisha kama askari mmoja zaidi. Tangu toleo la 15.1 inamaanisha kwamba mwenye faida hiyo, mashine ikicheza na mashine, anashinda nusu ya michezo.

Kasoro ya kwanza ni joto. Ukiiachia ichambue bila kikomo inatumia prosesa yote, simu inakuwa kama pasi, na kwa jua letu la Novemba hilo siyo jambo dogo. Betri iliyovimba mimi naijua, inaletwa kwangu. Ingia kwenye settings za programu, punguza idadi ya kori (vitengo vya prosesa vinavyofanya hesabu) inazotumia hadi mbili, punguza na kumbukumbu inayojitengea, kisha usichambue huku simu iko kwenye chaji. Ubora wa majibu utakaoupoteza hautaugundua kamwe. Umeme ukikatika, ukiwa na simu iliyojaa, unachambua jioni nzima kwa mwendo huo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kuna sehemu ya kupunguza nguvu ili mwanafunzi apate mpinzani wa kiwango chake, lakini mashine iliyopunguzwa nguvu haichezi kama mtu dhaifu. Inakwenda vizuri hatua kadhaa, kisha inakutupia malkia bure, halafu inarudi tena kucheza kama bingwa. Binadamu dhaifu anakosea kwa sababu: ana pupa, ana hofu, kasahau kona moja ya ubao. Makosa hayo unaweza kujifunza kuyategemea. Ya mashine hayana mzizi. Kijana akizoea kuyasubiri anaharibika, akikutana na mtu anakaa tu anangoja zawadi.

Ndiyo maana pale benchi tumekubaliana: mtu acheze na mtu, Stockfish ije baadaye. Nieleze kwa mfano mmoja. Kijana wa kidato cha tatu alicheza na dereva wa bodaboda ambaye ana mtego wake anaoupenda. Herufi ni safu ya ubao na namba ni mstari wake: weupe walianza na askari e4, weusi e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4. Hapo weusi wakarusha farasi wao hadi d4, kama vile wamesahau askari wa e5. Kijana macho yakawaka, akamla yule askari kwa farasi. Weusi malkia g5, anamtishia farasi na askari wa g2 kwa pamoja. Kijana akaingia f7 kwa farasi, akidhani amewakamata malkia na ngome. Malkia akala g2. Ngome ikasogea f1. Malkia akala e4 na kumpigia mfalme, askofu akarudi e2 kuziba, na farasi wa d4 akaruka f3. Mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe, hana pa kwenda. Benchi zima likapiga kelele hadi wazee wa bao wakageuka.

Kijana alitaka kupanga upya wacheze tena. Nikamwambia, "Ngoja mdogo wangu, kwanza tuuangalie." Tukauingiza mchezo wote kwenye DroidFish, tukapita hatua moja baada ya nyingine. Pale weusi walipopeleka farasi d4, namba ilipanda upande wa weupe: hatua ile ni mbovu. Jibu lake ni rahisi mno, unamla yule farasi kwa farasi wako na unabaki juu. Kijana alipokula askari wa e5, faida yote ikayeyuka. Na hata hapo alikuwa hajafa, angeweza kula f7 kwa askofu badala ya farasi na mchezo ungeendelea. Aliyemuua ni farasi wa f7. Nikamwachia simu, nikamwambia atafute mwenyewe kwa nini. Alikaa nayo, anasogeza mbele, anarudisha nyuma, mpaka akasema, "Kaka, kumbe malkia alikuwa hanitaki mimi, alimtaka mfalme." Maneno hayo mashine haikumpa. Inatoa hatua na namba, sababu unaitafuta wewe.

Na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wawe na adabu na hiyo namba, ila wasiiabudu. Kwenye mchezo wa kwanza wa 1997, hatua ya 44, Deep Blue ilisogeza ngome bila sababu yoyote inayoonekana. Kasparov alishinda mchezo ule, lakini hatua ile ikamsumbua, akahisi mashine imeona mbali mno. Miaka mingi baadaye Murray Campbell, mmoja wa waliounda Deep Blue, alieleza kwamba ilikuwa hitilafu: programu ilishindwa kuchagua, ikachukua hatua ya bahati nasibu. Mchezo wa pili Kasparov akakubali kushindwa, na baada ya hapo wachambuzi wakamwonyesha kwamba alikuwa na njia ya kutafuta sare. Mchezo wa sita uliisha kwa hatua 19 tu, farasi wa mashine akijitoa mhanga pale e6. Naamini bingwa yule alifungwa kwa sehemu na hofu yake. Vijana wetu nao wakiona mashine imesema +0.7 wanaacha kufikiri.

Mwingine ni Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, Bonn mwaka 2006, akicheza na Deep Fritz. Mchezo wa pili alikuwa salama kabisa, akapeleka malkia wake e3, na malkia wa mashine akashuka h7: mfalme kafungwa kwa hatua moja. Kosa ambalo hata pale benchi tungelipigia makofi. Mechi iliisha 4 kwa 2 kwa mashine, na baada ya hapo mechi kubwa za bingwa wa dunia dhidi ya kompyuta zikaisha utamu. Mzee mmoja wa bao nilipomsimulia haya aliniuliza, "Mwanangu, huyo aliyemo ndani ya simu anachoka?" Nikamjibu hachoki, shikamoo yako haihitaji, na hasira hana. Akasema basi huyo hafai kukaa naye barazani. Mimi namwona anafaa sana, ila kama mwalimu wa kukagua daftari, usiku, mchezo ukishakwisha.

Jambo ambalo sitalilegeza ni hili. Mchezo ukianza, simu zote zinaingia kwenye droo yangu. Mwaka 2015 huko Dubai grandmasta mzima alikamatwa ameficha simu chooni anachungulia majibu, akafungiwa miaka mitatu na hadhi yake ikafutwa. Kanuni za shirikisho la dunia, FIDE, zinakataza kifaa cha namna hiyo eneo la mchezo. Kijana akizoea kuchungulia hapa kwenye benchi ambapo tunachezea soda, siku akienda mashindano ya kweli ataaibisha wazazi wake na sisi wote.

Kwa wanaotaka mbadala, Lichess nayo ni ya bure, inaendeshwa kwa michango kutoka Ufaransa, ina Stockfish ya ngazi nane na inakupa wapinzani wa kweli duniani, lakini kwa wapinzani hao bando linahitajika na mtandao ukiyumba mchezo unakupotea. Wa Msangamkuu na vijijini Tandahimba wabaki na DroidFish. Msimu wa korosho ukifika na simu mpya zikanunuliwa, usikimbilie kuuliza kamera tu, muulize muuzaji RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ngapi, GB 2 kwa kazi hii zinatosha.

Anayetaka niiweke na kuipangilia isichemshe simu, aje jioni kuanzia saa kumi. Kwa kazi hiyo sitozi hela, ila ukija uwe tayari kucheza mchezo mmoja na yeyote utakayemkuta kwenye benchi.