Kundi la WhatsApp au kikao cha Zoom kwa kazi za kozi ya mtandaoni?

Kila kozi ya mtandaoni ikianza, swali ni lilelile: tukutane WhatsApp au Zoom?

Kwa gharama, WhatsApp inashinda. Bando dogo linatosha kusoma ujumbe, na sauti ya dakika mbili hupakuliwa hata mtandao ukisuasua. Zoom ya video hula bando haraka, na akaunti ya bure hukata kikao cha kundi kikifika dakika 40.

Kuelewana ni jambo jingine. Kwenye kazi ya takwimu tulibishana siku mbili kwa maandishi juu ya jedwali moja. Mwenzetu alipotuonyesha skrini yake kwenye Zoom, tuliona kosa papo hapo: safu mbili zilikuwa zimebadilishana vichwa. Maandishi yalikuwa yametuchosha bure.

Kumbukumbu? Kundi huzihifadhi, ingawa salamu za asubuhi huzifukia. Kikao kisiporekodiwa, aliyekosa amekosa.

Mwenye zamu za usiku au watoto wadogo atafaidi kundi, maana hujibu akipata nafasi. Mkiwa watatu au wanne, intaneti ni ya uhakika na kazi ina hesabu au michoro, zitumieni dakika 40 hizo, ajenda ikiwa imetumwa tangu jana yake.