Grisi ya silikoni kwa pini za breki: nimeikubali

Kwa gari linalopita barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, grisi hii naipendekeza bila kusita. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa likichemka na kunuka, gari zito hata kwenye mteremko. Nilipofungua, pedi ya ndani ilikuwa imelika hadi chuma, ya nje bado nene. Ukiona hivyo, shuku kwanza pini za kalipa, yaani vyuma ambavyo kalipa (kibanio cha pedi za breki) huteleza juu yake.

Zilitoka kwa kuzungushwa na kuvutwa, zimejaa kutu, grisi ya zamani imekauka ikawa gundi. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikasafisha matundu yake, nikapaka utando mwembamba tu. Ukishindilia grisi, hewa hubanwa ndani ya tundu na pini hairudi vizuri. Baridi yote imepita, na kalipa bado inateleza kwa kusukuma kwa mkono!

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba haiharibu mipira ya kuzuia vumbi. Grisi ya kawaida ya magari huivimbisha, pini zikakwama upya.

Kwenye masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, natumia grisi ya seramiki, tena baada ya kukwangua kutu iliyojificha chini ya vibati vinavyoshika ncha hizo, maana hiyo ndiyo inayozibana pedi. Lawama yangu ni mdomo wa tyubu: mpana mno, inamwagika ovyo. Na kama pistoni yenyewe, ile inayosukuma pedi, imeshaliwa na kutu, usinunue grisi, nunua kalipa.