CH24 ya Hans Wegner: uzoefu wangu na kiti cha kamba ya karatasi

Hans Wegner, seremala na mbunifu wa Denmark, alikibuni kiti hiki mwaka 1949, na Carl Hansen & Søn wanakitengeneza bila kukatika tangu 1950. Wengi hukijua kwa mgongo wake wenye umbo la herufi Y. Mimi nakisifia ukaaji wake. Egemeo la juu limepindwa kwa mvuke, likazunguka hadi mbele kuwa mahali pa kuwekea mikono, kwa hiyo hata ukikaa upande hakuna ukingo unaokuchoma. Mviringo huo Wegner aliutoa kwenye viti vya kale vya China.

Kazi kubwa iko kwenye kikalio: kama mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa, kwa msuko wa bahasha, pande nne zikikutana katikati. Fundi mzoefu hukimaliza kwa takriban saa moja. Ufito wa mbele wa fremu ya kikalio ni mrefu kuliko wa nyuma, hivyo pembe za mbele huzibwa kwanza kwa mizunguko ya ziada mpaka nafasi iliyobaki ilingane mbele na nyuma. Anayeruka hatua hiyo, mistari yake ya kamba itapinda. Kila mzunguko usukumwe ubane mwenzake. Ukiacha mwanya, kamba husogea na kusagika pale kwenye ukingo wa ufito hadi zikatike. Kamba ya kitanda ikilegea unaikaza. Hii haikazwi, inasukwa upya yote.

Maji yakimwagika, futa papo hapo. Mafuta ya chakula yakishaingia, hayatoki. Jinzi mpya huchujia rangi kwenye kamba ya rangi ya asili, basi wenye watoto wachukue kamba nyeusi. Na mtu asipande kwa goti: uzito wote huangukia kamba chache.

Kwa upande wa mbao, mwaloni uliomaliziwa kwa kupakwa maji ya sabuni ndio ninaoupenda, ila una kazi ya kuutunza. Vijiko vinne vya sabuni ya chengachenga katika lita moja ya maji ya moto, yapoe, kisha upake kwa kitambaa kilichokamuliwa ukifuata nyuzi za mbao. Zikisimama baada ya kukauka, pitisha msasa laini.

Kabla ya kulipa, pima meza yako. Mikono ya kiti iko karibu sentimita 70 kutoka sakafuni. Meza yenye fremu chini ya ubao haitakiruhusu kuingia. Ukinunua kilichotumika, kipindue: mafundo yawe upande wa chini, na miguu isicheze kwenye viungo.